Hakuna Picha Bila Liza

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Ushirombo iliamka na ubaridi wa kipupwe. Upepo ulisukuma vumbi jekundu kutoka barabarani hadi ndani ya masufuria ya watu, na jua lilichelewa kutoka, likatoka limepauka.

Ritha, fundi cherehani wa karibu na soko, alikuwa amepiga magoti kando ya cherehani yake akimshukuru Mungu kwa ajili ya sheria. Wanaoishukuru sheria ni wachache, na wanaoishukuru kwa magoti ni wachache zaidi, lakini Ritha alikuwa na sababu. Sababu yenyewe ilikuwa imelala kitandani mdomo wazi, nayo ilikuwa mtoto wake, Mariana.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu atoke Mhunze, kule Kishapu, na mtoto huyo mgongoni. Mume wake, Nkwabi, alikuwa ametoa ng'ombe wa mahari, na katika hesabu za Nkwabi ng'ombe wale walikuwa wamenunua mama, mtoto, na ukimya wa wote wawili. Ukimya ulipokosekana alitumia mkono. Ritha alipoondoka, Nkwabi alimtafuta kwao, akamtafuta Shinyanga mjini, akamtafuta Kahama. Mke hamtaki tena, alisema kila alikopita. Anamtaka mtoto, na siku atakayojua walipo ndiyo siku atakayomchukua. Ushirombo haikuwahi kumjia akilini. Ritha aliomba kila asubuhi isimjie.

Kwa hiyo aliogopa kamera kama wengine wanavyoogopa nyuki. Kwenye ubatizo, mpiga picha akisogea, Ritha alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, hata siku alizovaa ndala. Harusi alizishonea lakini hakuzihudhuria, maana harusi za siku hizi mtaa mmoja unakula na mikoa minne inatazama kwenye simu kabla pilau haijapoa. Aliyekijua kisa hicho chote alikuwa mmoja tu, jirani yake Epifania, mpishi mkuu wa sherehe za parokia, mwanamke wa kunyanyua sufuria la wali peke yake, na mwenye mdomo usiovuja.

Kilichobadilisha mambo ilikuwa suti ya Mzee Ansgar. Mzee huyu alikuwa karani mstaafu, na sasa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Apolonia, binti wa kaka yake. Mwezi uliopita alikuwa amehudhuria semina ya siku moja huko Shinyanga. Alirudi na begi, kalamu na kofia ya semina, na tangu siku hiyo kofia haikumtoka kichwani ila kanisani.

"Nchi ina sheria sasa, Mama Mariana," alimwambia Ritha, mikono ameinyoosha apimwe mabega. "Sheria ya taarifa binafsi. Uso wako ni taarifa binafsi. Pua yako ni taarifa binafsi. Mtu hapigwi picha bila Liza."

"Bila mimi?"

"Bila Liza. Akubali kwanza. Akikataa, basi."

Ritha alikaa na pini zake mdomoni, ndipo akaelewa. Ridhaa. Ulimi uliolelewa na Kisukuma hauna shughuli na r; unaigeuza l bila kuomba radhi, na dh na th unazitupa kwenye kapu moja la z. Ndiyo maana nusu ya mtaa ilimwita yeye Liza, na ndiyo maana ridhaa, ikipita mdomoni mwa Mzee Ansgar, ilitoka imevaa jina lake. Alitoa pini akacheka.

"Na kwenye harusi ya Apolonia mtaifuata?"

"Mimi ndiye mwenyekiti. Nitaitangaza kwenye spika kwa mdomo wangu."

Familia iliikubali sheria hiyo kwa moyo mmoja, kwa kuwa ilikuwa imeshaumwa. Mwaka uliotangulia, katika send-ofu ya binamu mmoja, mjomba wa Apolonia alipigwa picha ameshika paja la mbuzi, macho yamelegea kwa shibe. Baada ya miezi miwili picha ile ilionekana Kahama, imechorwa kubwa ukutani mwa baa, chini yake maneno "Karibu Ujisahau". Mjomba alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha parokia cha kuacha pombe.

Basi Apolonia alipokuja kujaribu gauni lake mara ya mwisho na kumwambia fundi, "Dada Liza, safari hii usinikimbie, nataka uwepo," Ritha aliahidi kuja. Zaidi ya hayo alikuwa ameambiwa wageni wa Kishapu, upande wa bwana harusi, hawatakuja, pamba inavunwa. Aliona Mungu amejibu kwa mkono wa serikali. Asubuhi hiyo alimwacha Mariana kwa mama mzaa chema wa Epifania, akavaa kitenge chake kizuri, akaenda.

Misa ilipita salama. Padre hakuwaruhusu wapiga picha kuvuka mabenchi ya mbele, kwa hiyo picha zote za kanisani zilitoka visogo. Saa tisa alasiri watu walikuwa wamejaa ukumbini. Ritha alichagua meza iliyo karibu na mlango wa jikoni, akakaa nyuma ya nguzo, akasubiri sheria.

Mzee Ansgar alipanda jukwaani na suti mpya na kofia ya semina. Akagonga kipaza sauti, akakipuliza, akakiuliza kama kinasikia.

"Ndugu wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Katika harusi hii hakuna kupiga picha bila Liza. Narudia. Bila Liza, picha hiyo ni batili. Liza ni haki ya kila mgeni, mdogo kwa mkubwa. Liza hainunuliwi. Liza hailazimishwi. Mpiga picha akija mezani kwako, kabla hajanyanyua kamera, mwulize: Liza iko wapi? Ya mtoto mdogo inatoka kwa mzazi wake. Na hata ukishaitoa Liza, unaweza kuiondoa wakati wowote. Ahsanteni."

Wageni walitafakari. Kisha vichwa vikageuka, meza baada ya meza, kuelekea kwenye nguzo.

Hakuna aliyeshangaa sana. Sare zote zilizokuwa ukumbini, za kamati, za shangazi, za wapambe, zilikuwa zimetoka kwenye cherehani ya Liza. Kumheshimu fundi kwa kumweka katika kila picha ilionekana jambo la kistaarabu, na tena la kisasa. Kwamba mwenyekiti alisema Liza "iko" badala ya "yuko", nani ukumbini humo aliwahi kugombana na mtu kwa ajili ya i na yu? Bibi mmoja wa meza ya tatu alipiga kigelegele. "Wabeja mwenyekiti," akashukuru kwa Kisukuma. "Umemkumbuka fundi." Shangazi yake Apolonia peke yake ndiye aliyenong'ona kwamba ile ya kumwondoa wakati wowote haikuwa nzuri, umwalike mtu halafu umwondoe.

Mpiga picha aliitwa Adam, kijana wa Kahama, amevaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Alikwenda meza ya kwanza, akanyanyua kamera.

"Simama hapo," mzee mmoja akamzuia kwa mkono. "Liza yuko wapi?"

"Nani?"

"Hukusikia? Unataka kutupiga picha batili?"

Shangazi wawili walikuwa wameshafika kwenye nguzo. "Liza, mama, njoo. Tunakungoja wewe."

"Hapana, shangazi. Mimi sipigi picha. Nina," Ritha akatafuta, "nina jicho linauma."

"Jicho si lako tu, sheria ni ya wote. Njoo."

Walimshika kila mmoja mkono wake, kwa upendo, kama wanavyoshikwa wanaopelekwa sindano. Alijaribu kuinama afunge kiatu. Shangazi waliinama naye, wakamfungia wao, wakamnyanyua. Mwanga ukapiga. Kabla hajaona vizuri, meza ya pili ilikuwa imesimama tayari, imeacha nafasi katikati.

"Unawasikia?" Epifania alimwuliza alipopata nafasi ya kuponyoka hadi jikoni. Alikuwa ameshika mwiko kama silaha. "Wanasema Liza, Liza. Umefanya nini?"

"Mwenyekiti amesema ridhaa."

Epifania alifikiri. Alirudia neno kimoyomoyo, midomo ikicheza, mara kwa namna ya kwao, mara kwa namna ya redioni. Halafu akaweka mwiko chini. "Mama yangu," akasema taratibu. "Kamwambie arekebishe, kabla hawajafika meza ya nyama."

Ritha alimpata Mzee Ansgar mlangoni, uso wake unang'aa kama wa mtu aliyeona matunda ya jasho lake.

"Mama Mariana, umeona? Semina ile watu wa mjini walikuwa wanasinzia. Njoo uone wanakijiji. Kila meza nasikia: bila Liza hatupigwi. Nimefurahi mpaka nimetaka kulia."

"Baba, wananiita mimi."

"Wanaomba Liza kwako? Basi toa, usiwe mgumu."

"Siyo hiyo, baba. Wananiita mimi, Ritha."

"Ndiyo nakwambia. Wakiomba Liza, na wewe unayo, toa. Usipotaka, usitoe. Ni hiari."

"Sasa wewe uwaambie upya. Uwaambie maana yake ni kukubali."

Mzee Ansgar alimwangalia kwa huruma. "Binti yangu, kitu kikifuatwa vizuri namna hii ukikieleza upya unakiharibu." Akavuta kofia ikae sawa, akaenda kusimamia vinywaji.

Kutoka hapo mambo yalienda haraka. Ritha alipojifunika kitenge usoni, wakamwambia afunue, sheria inataka uso. Alipokaa chini ya meza ya keki, mtoto wa mtu alimwona akamtangaza. Mgeni mmoja kutoka Kahama, aliyechelewa na hakusikia tangazo, alimwuliza jirani yake mama huyu ni nani, akajibiwa ni afisa wa picha. Mgeni akaja kumpa mkono na kumwuliza ofisi yake iko jengo gani.

Aliyemtesa zaidi alikuwa Selestine, mchimbaji mdogo, rafiki wa bwana harusi, aliyekuja na wenzake watatu kutoka machimboni na kiu ya muda mrefu.

"Liza ndiyo leseni," aliwaeleza wenzake, amemweka Ritha kati kwa kumshika bega. "Huwezi kushuka shimoni, duarani, kuchimba bila leseni. Ukiingia, ukutwe, umekwisha. Adam, piga. Piga na upande wa pili, leseni iko wazi."

"Kaka, nakuomba."

"Unaomba nini tena, dada yangu, na wewe ndiye mwenye eneo?"

Wakati huo huo wakaingia wageni wa Kishapu. Walikuwa wameacha pamba shambani wakaja kwa basi, mabega yamejaa vumbi, wakapokewa kwa vigelegele, na kwa sababu ni wageni wa mbali wakapelekwa moja kwa moja kupigwa picha. Ritha alikuwa ameshafika mlangoni anakimbia. Shangazi walimkamata kizingitini.

Aliwekwa kando ya mama mnene mwenye sauti nzito, Suzana, shangazi wa bwana harusi, mfanyabiashara wa mnadani Mhunze. Suzana alimtazama Ritha mara moja, akamtazama tena. Akatoa na simu yake mwenyewe, akainyanyua juu, akapiga ya kwake.

"Nimekuona wapi, mama?" akauliza.

"Labda Kahama," Ritha alisema.

"Labda," Suzana akasema, macho hayajaridhika.

Hapo mtu angeweza kuuliza kwa nini Ritha hakutoka tu akaenda zake. Alifikiri hivyo mwenyewe, amesimama nyuma ya mapipa ya maji, mkono umeshika rozari ndani ya mfuko. Miguu ingeondoka, lakini uso ungebaki. Uso wake ulikuwa ndani ya kamera ya Adam, umekaa katikati ya kila familia ya Ushirombo.

Kisha ukafika wakati wa kukata keki. Maharusi walikuwa wameshashika kisu, bwana harusi Deogratias mkono juu ya mkono wa Apolonia, Adam amepiga goti, na mjomba yule wa paja la mbuzi akanyoosha kidole. "Ngojeni. Hii ndiyo picha kubwa. Mnataka iwe batili?" Ritha aliletwa. Kwa muda ule maharusi nao walikuwa wamechoka kushangaa; Apolonia alimtabasamia, akasogea kidogo, na fundi akasimama kati ya mke na mume, nyuma ya kisu, kana kwamba anaolewa na wote wawili.

Baada ya keki Adam aliunganisha kamera na projekta, na picha zikaanza kutokea kwenye shuka jeupe la jukwaani. Ukumbi ulipiga makofi. Liza na wazee. Liza na wapambe. Liza na wachimbaji. Liza na keki. Katika kila picha macho yake yalikuwa ya mtu anayesomewa hukumu, na karibu yake kila mtu anacheka.

"Ndugu wageni," Adam akasema kwenye spika, "sherehe ikiisha tu, zote hizi nazirusha kwenye ukurasa wangu. Nina wafuasi Kahama, Geita, Shinyanga, Kishapu mpaka Mhunze huko. Mtajiona."

Ritha alisikia Mhunze, na miguu ikapata nguvu ya ajabu. Ulikuwa muda wa zawadi. Watu walikuwa wamepanga mstari, wanaserebuka na mabeseni na magodoro kuelekea jukwaani, na kila anayefika anapewa kipaza sauti aseme neno. Aliingia kwenye mstari mikono mitupu. Hakuserebuka. Alipofika, mshereheshaji alipiga kelele, "Na huyu sasa ndiye Liza mwenyewe," na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia.

Alishika kipaza sauti. Moyoni alisema, Bwana, niwekee maneno, machache tu.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele amina," wakajibu.

"Mimi naitwa Ritha. Neno alilolisema mwenyekiti siyo jina langu. Alisema ridhaa. Maana yake mtu akubali kwanza ndipo apigwe picha. Kila mtu akubali yeye mwenyewe. Siyo kwamba mimi niwepo."

Spika zililia kidogo. Mtu mmoja akasema, "Aa." Mwingine akasema, "Kumbe."

Mzee Ansgar alikuwa ameinuka. "Samahani. Mimi nilisema vizuri. Nilisema Liza."

"Ndiyo, ulisema Liza," bibi wa meza ya tatu akamwunga mkono. "Tulikusikia."

"Siyo Liza. Liza."

"Ndiyo huyo huyo."

"Mama, kuna Liza mtu, na kuna Liza ya sheria."

"Sasa wa sheria ndiye yupi? Tungemwita na yeye."

Kicheko kilipasuka, na ingekuwa siku nyingine Ritha angecheka nao. Alingoja kipungue. "Mimi mwenyewe sijakubali," akasema. "Hata picha moja. Nawaomba zifutwe zote nilizomo."

Hapo hakuna aliyecheka. Adam alishika kamera kifuani kama mtu anayetaka kunyang'anywa mtoto. "Dada, zote umo. Nikifuta hizo, harusi hii imebaki visogo."

"Mkate pembeni," mjomba akashauri.

"Pembeni wapi? Amekaa katikati kila mahali."

"Basi mfunike na ua," shangazi mmoja akasema. "Kompyuta inaweza. Weka ua."

"Ua katikati ya bibi na bwana?"

"Weka kreti ya soda," akasema mchimbaji mmoja. "Soda zilikuwepo kweli."

"Lakini kwanza atuambie kwa nini," mjomba akasema, na sauti nyingi zikamfuata. Kwa nini? Mtu asiye na kosa anaogopa nini picha? Selestine akanyanyua chupa. "Labda kakimbia na dhahabu ya mtu." Baadhi walicheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine, kilikuwa kinamkagua.

Ritha alifungua mdomo. Aliona kwamba atalazimika kulisema, jina la Nkwabi na yote, mbele ya kamera na mbele ya Mhunze, ili apewe haki ya kutojulikana. Maneno yalimfika hadi menoni.

Apolonia alikuwa ameinuka kwenye kiti chake cha harusi. Alikuja amekusanya gauni mkononi, akakiomba kipaza sauti.

"Baba mdogo," alimwambia Mzee Ansgar, "wewe ndiye uliyesoma sheria. Mtu akikataa, sheria inamtaka aseme sababu?"

Mzee Ansgar alitazama watu. Alitazama keki iliyoliwa, shuka lenye picha, suti yake mwenyewe iliyoshonwa na huyo huyo anayekataa. Ilionekana kwamba angependa sana sheria iwe imesema kitu kingine. Akavua kofia.

"Haimtaki," akasema.

"Basi Adam afute."

"Apolonia," mama yake akaita kutoka nyuma, "harusi bila picha? Nitawaonyesha nini watu?"

"Mama, mume ninaye. Tutapiga nyingine. Jua bado lipo." Alisema hivyo sauti imetulia, lakini Ritha, aliyesimama karibu, aliona machozi yamejaa kope na yanazuiwa kwa nguvu yasiharibu poda.

Adam alifuta. Alifuta mbele ya kamati, moja moja, kwenye shuka, watu wanaziona zikipotea, na kila moja ikipotea kulikuwa na mguno kama wa msibani. Kisha Mzee Ansgar aliagiza kila mgeni anyanyue simu yake na afute za kwake. Simu zilinyanyuliwa. Mzee wa meza ya kwanza, asiyejua vizuri kufuta, alifuta namba ya mwanaye wa Mwanza.

Harusi ikarudiwa. Maharusi walitoka nje wakaingia upya, wakakuta sahani zimejaa mifupa. Walishika kisu juu ya kipande cha keki kilichobaki, kidogo kama kiberiti, wakakikata kwa heshima zote. Wageni walipangwa tena na suti zenye madoa ya mchuzi, na sasa Adam alipofika mezani alimwuliza kila mtu mmoja mmoja, unakubali? Ndipo ikagundulika kwamba wengi hawakubali. Bibi wa meza ya tatu hakukubali mpaka ajue picha itakaa wapi na nani atakuwa anaifuta vumbi. Shangazi alikubali uso, akakataa miguu. Wachimbaji wote watatu walikataa kwa pamoja, wakamwacha Selestine peke yake, naye akakataa pia. Mzee Ansgar alizunguka meza baada ya meza akiwasihi.

Ritha alikuwa amerudi jikoni, anaosha vikombe. Epifania aliosha pembeni yake. Mlango ukazibwa na mwili mkubwa. Alikuwa Suzana, simu mkononi.

"Shikamoo mama," Ritha akasema.

"Marahaba. Nimekukumbuka." Suzana aliongea chini, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini. "Siyo Kahama. Ni mnadani Mhunze. Ulinunua kitambaa kwangu, mtoto mgongoni, mkono umefungwa bandeji. Ulisema umeanguka kisimani. Nilijua hakuna kisima upande ule. Nkwabi anakaa mlangoni kwangu kila siku ya mnada. Anauza pamba kwa mume wangu Bujiku. Kila mgeni anamwuliza habari zako."

Kikombe kilimponyoka Ritha kikazama majini. Hili kamati haikuwa imelifikiria, wala semina. Kamera imefutwa, lakini macho ya Suzana yalikuwa na picha yake, na hayana kitufe.

"Nakuomba, mama," akasema. "Kwa ajili ya mtoto."

"Ndiyo nimekuja. Tazama." Suzana alimwonyesha simu, akafuta, akamwonyesha tena. "Hiyo rahisi. Ngumu ni hii." Akajipiga mdomo kwa vidole viwili. "Najijua. Siri ukinipa pembeni itanitoka kwenye basi kabla hatujafika Kahama. Watoto wangu wananiita redio. Lakini kitu nikikisema mbele ya watu, nikakiapia, naona aibu kukivunja. Nataka niende pale mbele niseme. Jina lako sitalitaja, wala la yule. Ila watajua ni habari yako. Unakubali?"

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kumwuliza Ritha swali hilo. Alimwangalia Epifania. Epifania alifuta mikono kwenye kanga, akatikisa kichwa kukubali, kisha akasema haraka, "Lakini anayeulizwa siyo mimi, sema wewe."

"Nakubali," Ritha akasema.

Walitoka wote watatu. Mzee Ansgar, aliposikia kwamba mgeni wa Kishapu anataka kutoa ahadi, alifurahi kupata kitu cha kusimamia. Akanyamazisha muziki, akamwita katekista asogee, akaagiza ahadi itolewe kwa sauti, kwa hiari na mbele ya mashahidi. Suzana hakuhitaji kipaza sauti lakini alikishika. Ritha alisimama mlangoni mwa jikoni, maji yanamchuruzika viwikoni.

"Mimi Suzana, mke wa Bujiku, wa Mhunze," akasema, "mbele ya maharusi, mbele ya katekista na mbele yenu nyote mlioshiba, naahidi. Kuna mtu nimemwona hapa leo. Picha yake nimeifuta, na iliyobaki machoni haitashuka mdomoni. Nikirudi nyumbani sitamtaja, si kwa mume wangu, si mnadani, si kwa mtu anayekaa mlangoni kwangu akiuliza wageni. Akiniuliza mimi, atakuwa ameuliza ukuta. Mungu amenisikia na nyinyi mmenisikia, na siku nikishindwa, njooni Mhunze mniulize mimi."